Masaa Mawili hadi Kigoma

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi. Nimewasuta watu wengi kwa methali hii, wakiwemo mume wangu na fundi wake wa mabati, na bado siku simu iliponichorea njia fupi kutoka Unguja hadi Kigoma niliiamini palepale. Mstari mwekundu ulionyooka, kilomita elfu moja na ushee, muda wa kuruka haufiki masaa mawili. Binti yangu aliye Maskati ndiye aliyenitumia picha ile. Niliitazama nikaona kwamba mama yangu, aliyekuwa Ujiji, yuko karibu kuliko nilivyodhani.

Simu haikusema kwamba hakuna ndege inayopita juu ya mstari ule.

Mimi ni mkosha. Mwanamke akifariki mtaani kwetu, nyuma ya Malindi, mimi na jirani yangu wa mlango wa pili ndio tunaoitwa kumkosha, kumkatia sanda na kumvisha. Hatulipwi wala hatuombi. Kazi hii nilifundishwa na mama, na mama alikuwa na mikono laini ambayo watu waliisifu hata baada ya kuhama kwake. Nilipokuwa najifunza alikuwa akinipiga kofi la mkono nikimwaga maji kwa nguvu. "Usimtupie maji," alikuwa akisema. "Huyu hawezi kukwambia inauma."

Na katika kazi hii najulikana kwa jambo moja: sina simile na anayechelewesha maiti. Mtoto yuko Dubai, mtoto yuko Uingereza, mtoto yuko njiani, yote nimeyasikia, na jibu langu ni lilelile, kumkirimu maiti ni kumzika. Kuna bwana mmoja alifika kutoka ughaibuni na sanduku lake, akakuta mama yake yuko kaburini tangu adhuhuri. Alikuja kunitukana uani kwangu mpaka kuku wakatawanyika. Nilimwacha atukane mpaka akachoka, nikampa maji akanywa. Nilikuwa sawa siku ile, na hata leo nasema nilikuwa sawa.

Mama alizaliwa Ujiji, akaletwa Unguja bi harusi, kwa treni mpaka Dar es Salaam na kwa meli mpaka bandarini. Safari ile aliisimulia maisha yake yote na kila mwaka ilizidi urefu. Baba alipofariki na eda ilipokwisha, alisema anakwenda kwao kumwona ndugu yake, mjomba wangu, kisha atarudi. Hakurudi. Nilipokwenda kumfuata nilimkuta amepanda mchicha nyuma ya nyumba, na mtu aliyepanda mchicha si wa kuondoka. Akaniambia Unguja jua linakimbilia kuzama, kwao Ujiji jua halina haraka. Ni kweli, saa zetu ni moja lakini kule magharibi mwa nchi jua huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama kwetu.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. "Huku nikifa atanikosha nani?" aliniuliza siku moja kwa simu. "Hawa mikono yao mikavu."

Nilicheka. Picha ya mstari mwekundu ndiyo kwanza imeingia kwenye simu yangu. "Mama, Kigoma si Maka. Ndege hata masaa mawili hayatimii. Wao wakiteka maji, mie nshafika."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Haya. Basi sanda yangu ikae hukohuko kwako, utakuja nayo."

Sanda yenyewe aliinunua mwenyewe zamani, akaitia maji ya zamzam, akaifukiza udi na kuikunja ndani ya kanga mbili. Ilikuwa kwenye kabati langu, rafu ya juu. Tangu siku ile nikiipangusa vumbi nilikuwa najiambia masaa mawili, masaa mawili, na moyo unatulia.

Habari ilikuja asubuhi, nimetoka kusali alfajiri na sijakunja msala. Alikuwa mjomba kwenye simu. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia marahaba, na hapo nikajua kabla hajasema neno.

"Mama yako ametutoka," alisema. "Amejinyoosha tu. Mkaza mjomba wako alikuwa naye."

Nililia, lakini si sana. Nilikuwa na kazi. Nikamwuliza mjomba macho yamefumbwa, nikamwuliza taya imefungwa, miguu imenyooshwa, na kila nililouliza aliitikia. Kisha nikasema neno ambalo sikuwahi kumruhusu mtu yeyote alitamke mbele yangu.

"Mjomba, asimguse mtu. Nnakuja. Ningojeni."

Angekuwa mtoto mwingine wa mama ndiye aliyesema hivyo, mjomba angemwambia tutasoma dua pamoja ukifika, wakaendelea na shughuli yao. Lakini mimi ndiye mkosha wa familia. Niliwahi kwenda Ujiji nikawakatalia kumlaza maiti usiku mmoja, tena mbele ya wazee wao, na wakanitii. Kama mimi nasema wangoje, basi bila shaka nina sababu.

"Sawa mwanangu," alisema. "Wewe ndiye unayejua. Tunakungoja."

Mume wangu alikuwa ameshavaa. Jirani yangu, mwenzangu wa kukosha, alikuja na leso begani akanikuta natia mkobani sanda, majani makavu ya mkunazi, kafuri na pamba. Alinishika mkono.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia wangoje."

"Wewe?"

"Masaa mawili tu, shoga. Masaa mawili hata sisi hapa tunangoja maji yajae pipani."

Hakunibishia. Alinikunjia mkoba vizuri, akasema Mungu akufikishe, na macho yake yakasema mengine. Nilimkasirikia mpaka nafika barabarani.

Boti ya kwanza ya Malindi ilikuwa imeshang'oa nanga. Mume wangu alinipakia kwenye vespa mpaka uwanja wa ndege, Kisauni. Ulikuwa msimu wa wageni na ukumbi umejaa watu wekundu mabegani, na mikeka na vinyago vyao. Nikasogea kwenye dirisha la tiketi, nikamwambia binti aliyekaa pale kwamba nataka kwenda Kigoma, sasa hivi, nina msiba.

"Pole sana, Bi mkubwa," alisema, na alikuwa na pole kweli usoni. "Kutoka hapa Kigoma hakwendi ndege. Utakwenda Dar es Salaam, halafu pale utapanda ya Kigoma, inapitia Tabora. Bahati yako leo ni siku yake, na viti vipo."

"Basi nipe ya Dar es Salaam ya sasa hivi."

"Ya sasa hivi imejaa. Na inayofuata imejaa. N'nayo ya baadaye kidogo."

Ukutani kulikuwa na ubao wa safari. Niliusoma jina kwa jina. Kutoka kisiwa chetu hiki mtu anaweza kupanda ndege akashuka Ulaya bila kukanyaga ardhi nyingine. Miji ambayo siwezi hata kuyatamka majina yake ilikuwa pale, imepangiwa na milango ya kutokea. Kigoma haikuwepo. Nchi yetu moja, bendera moja, na mimi na mama yangu tulikuwa mbali kuliko mgeni na kwao. Nilimwambia yule binti hivyo, kwa sauti ambayo mume wangu aliniomba niishushe. Binti akaniitikia, "Naam, Bi mkubwa," kwa upole mpaka nikaona haya.

Nilikaa kitini na mkoba mapajani. Mume wangu alininunulia chai na sikuinywa. Kila ndege iliyopaa nilikuwa naisindikiza kwa macho kama aliyeachwa bandarini. Haraka haraka haina baraka, mzee mmoja aliyekaa jirani aliniambia aliponiona natikisa mguu. Nikamwuliza yeye anakwenda wapi. Akasema anampokea mkwewe. Nikamwambia basi ndiyo maana.

Niliporuka hatimaye, mume wangu nimemwacha uwanjani, safari yenyewe ya kuvuka bahari ilikuwa fupi hata tasbihi sikuimaliza. Hilo ndilo lililonipa matumaini ya uongo. Niliona kumbe kweli, ndege ikishapaa kila kitu ni karibu. Dar es Salaam nilishuka nikitembea mbele ya watu wote, nikahama jengo, nikakaguliwa, nikavua viatu, nikavaa, nikaulizwa majani haya ni ya nini. Nikasema ni ya mama yangu. Mkaguzi aliyanusa akayarudisha.

Ndani nikaambiwa ndege ya Kigoma haijafika. Ilikuwa hukohuko bara, imezuiwa na mvua, na ni ileile moja ndiyo irudi ituchukue sisi.

"Itarudi saa ngapi?"

"Mvua ikikatika, mama."

Nikampigia mjomba. Nikamwambia nimeshafika Dar es Salaam. Akafurahi sana, akawatangazia watu waliokuwa kwenye baraza, nikasikia wanaitikia alhamdulillahi. Kwao neno lile lilikuwa na maana kwamba nimeshamaliza sehemu kubwa. Sikuwasahihisha. Kwenye ramani nilikuwa nimesogea ukucha tu, tena nimesogea kusini.

Adhuhuri ikapita. Mjomba akapiga kuniuliza kama tumepaa. Akasema kaburi limeshachimbwa tangu asubuhi na vijana wanalilinda lisiingie maji, maana huko nako mvua inakuja na kuondoka. Alasiri ikakaribia. Akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, watu wapo. Wanauliza. Tukae, au tuendelee?"

"Kaeni, mjomba. Nnakuja."

"Maji waliyoyaandaa yamepoa. Wameyamwaga, wameteka mengine."

"Kaeni."

Nilikuwa najua ninachofanya, hilo ndilo linaloniuma. Asiyejua ana udhuru. Mimi nimesimama kwenye vyumba vya maiti miaka yote hii, najua joto hufanya nini na saa hufanya nini, na nilikuwa nawaambia kaeni, kwa sababu sikuweza kustahimili mkono wa mtu mwingine juu ya mama yangu. Mganga hajigangi. Niliyowakataza watoto wa watu kwa ukali nilikuwa nayafanya kwa mama yangu mzazi, na mtu wa kunikemea hakuwepo, maana mkemeaji ni mimi.

Kiti cha pili alikaa mama mmoja wa Kasulu, Mkristo, ana msalaba mdogo shingoni, naye anangoja ndege ileile. Alinisikia nikizungumza. Simu yangu ilipoanza kulia kwamba chaji inakwisha, alitoa pawabenki kwenye begi lake akaniwekea mapajani.

"Tumia, mama yangu. Pole. Ni nani?"

"Mama."

"Watakungoja," alisema. "Sisi kwetu tungekungoja hata wiki. Anahifadhiwa hospitali, mpaka mtoto wa mwisho afike."

Alisema kwa nia njema na nilitamani kuikumbatia ile wiki. Kwa muda nilijiona nikimpigia mjomba, nikimwambia mpelekeni hospitali, awekwe kwenye barafu, mpaka mimi nifike. Angekubali. Angekubali lolote nililosema siku ile. Nilishika simu, nikaitafuta namba yake.

Kabla sijabonyeza, ikaingia simu ya mkaza mjomba. Alikuwa ananong'ona, nikajua yuko chumbani na mama na amefunga mlango.

"Mwanangu, nisamehe. Sitaki wanaume wasikie. Tumbo la mama limeanza kujaa."

Nilisikia feni nyuma yake inazunguka.

"Unanisikia? Mimi si mjuzi kama wewe. Pengine si kitu."

Ilikuwa ni kitu. Ubaoni jina la Kigoma lilikuwa bado limeandikwa neno lilelile, imechelewa. Nikamwangalia yule mama wa Kasulu na yeye akaniangalia. Nikahisi nimeshikilia kamba, na upande wa pili wa kamba kuna mtu inayemuumiza, asiyeweza kuniambia inauma.

"Mkaza mjomba," nikasema, "umetia udhu?"

"Ninao."

"Wapo wanawake wawili wa kukusaidia?"

"Wapo."

"Basi mkosheni mama. Sasa hivi. Mimi nipo kwenye simu."

Aliuliza kama awashe kamera, nione. Nikasema hapana. Maiti ana siri yake kwenye maji, na mama aliitunza siri ya kila mwanamke aliyepita mkononi mwake. Sikuwa na haki ya kumwaga yake kwenye ukumbi wa abiria. Nikamwambia simu aiweke dirishani, nje ya pazia, sauti tu. Nikahamia kwenye kona, nikageukia ukuta, nikavuta mtandio mpaka machoni.

Nikamkosha mama yangu kwa mdomo. Mfunikeni shuka kabla hamjamvua. Mwinueni kidogo mgongo, mkono upite tumboni polepole, polepole, msimkamue. Tieni kitambaa mkononi, ngozi isiguse. Haya, mtawadheni. Nilikuwa nasikia maji yanaanguka kwenye beseni, nasikia mmoja anavuta kamasi. Maji yakaanguka kwa kishindo.

"Usimtupie maji!" nilipiga kelele, na ukumbi mzima ukageuka.

Kisha mkaza mjomba akasema, "Ndiyo mama," kama anayemjibu mtu mwingine.

Mkunazi hawakuwa nao. Wangu ulikuwa kwenye mkoba, miguuni pangu, Dar es Salaam. Nikawaambia watumie sabuni. Sanda hawakuwa nayo. Nikawaambia wanunue dukani, watu wa barazani wanajua pa kuinunua. Wakamkosha upande wa kulia, wakamkosha wa kushoto, wakarudia, josho la mwisho wakatia kafuri, hiyo walikuwa nayo. Mkaza mjomba akauliza nywele. Nikamwambia mikia mitatu, itupwe nyuma. Nywele za mama nilizoea kumsuka mimi kila Alhamisi, naye akinilalamikia navuta. Yule mama wa Kasulu alikuja akasimama nyuma yangu, hakunigusa, alisimama tu ili watu wasinione.

Sanda ilipofungwa na uso umebaki wazi, wenye haki ya kumwona waliingia kumuaga. Mjomba alichukua simu. "Mwone mama yako," alisema. Hili lilikuwa halali yangu. Nilijifunika buibui kichwa kizima, mimi na simu ndani ya giza lile, nikawasha picha.

Niliona dari. Niliona mkono wa mtu na kitu cheupe. Kisha picha ikaganda. Ilikuwa ncha ya pua, labda, na weupe, vimekatikakatika vipande. Nikaita halo, halo. Tukakata, tukapiga tena, ikaganda tena hata kabla ya kufika pale. Mvua ilikuwa kwao, ilikuwa njiani, sijui ilikuwa wapi. Nikapiga mara nyingine.

"Mwanangu," sauti ya mjomba ilikuja bila picha, "jua."

Nilijua anataka kusema nini na kwamba hatosema. Angesimama vile, ameishika simu juu ya uso wa mama, mpaka mimi nimwambie. Watu wote wale, baraza nzima, wangesimama. Nilishawasimamisha siku nzima.

"Mfunikeni, mjomba."

"Hujamwona."

"Mfunikeni."

Magharibi ya Dar es Salaam iliingia nikiwa bado kwenye ile kona. Nilitandika kanga nikasali. Nilipotoa salamu nikakumbuka kwamba Ujiji bado kuna mwanga. Jua halina haraka kule. Mjomba aliniambia baadaye kwamba walimfikisha makaburini bado unaona mistari ya kiganja chako, na udongo wa mwisho ulitiwa kabla adhana haijalia. Ile nusu saa ndiyo ngoja pekee aliyopewa mama ambayo sikuiomba mimi.

Safari ilisogezwa mpaka asubuhi. Usiku wa kwenye viti vile siusimulii.

Asubuhi anga ilikuwa imetakata. Tulipaa kwa wakati, na rubani akatutangazia urefu wa safari na muda wake kwa sauti ya furaha. Tabora tulitua, tukapaa. Nikaona ziwa. Kuruka kwenyewe, ukiondoa kule kukaa chini, kulikuwa ni masaa mawili, haikuwa uongo, na nililia kwa hasira mpaka mhudumu akaniletea maji. Yule mama wa Kasulu alinishika mkono, na uwanjani tukaagana bila kuulizana majina.

Kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani kwa mjomba si mbali kabisa. Mkaza mjomba alinipokea mlangoni, akataka kuanza kujieleza, kwamba walifanya kama nilivyosema, kwamba walijitahidi. Nilimchukua mikono yote miwili. Ilikuwa mikavu kweli, mikono ya kulima na kukamua mawese, mama hakumsingizia. Nikaipeleka puani. Chini ya harufu ya moshi na vitunguu, kafuri bado ilikuwepo, kidogo, kwenye vidole. Nikaibusu. Hicho ndicho nilichokikuta cha mama yangu.

Kaburi lilikuwa bichi. Nilimsomea, nikamwambia nimekuja, nikamwambia sanda ninayo mkobani.

Nilirudi Unguja hitima ilipokwisha, kwa njia ileile ya kuzunguka, nikairudisha sanda kabatini, rafu ya juu, ndani ya kanga zake mbili. Jirani yangu alikuja kunipa pole, akakaa nami siku nzima bila kunisuta, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa chakula alichokileta.

Binti yangu alikuwa akipiga kila siku kutoka Maskati, analia na kunifariji kwa pamoja. Siku moja akasema, "Mama, mie na wewe halitotufika hilo. Mie niko Maskati tu, ndege ya moja kwa moja, haigusi pengine. Masaa matano. Wao wakiteka maji, mie nshafika."

Maneno yangu mwenyewe. Alikuwa ameyasikia kwangu, nilivyokuwa nikijigamba nayo.

Nikamwambia, "Haya, mwanangu."

Tulipoagana nilimwita jirani. Nikamfungulia kabati, nikamwonyesha sanda ilipo na kafuri ilipo. Nikamwambia hii sasa ni yangu, na nywele zangu azisuke mikia mitatu, na akumbuke kutonitupia maji. Aliitikia kila nililomwambia. Kisha akaniuliza, "Na mwanao?"

Nikamwambia asimngoje.